Mtumiaji wa Mwisho

Paukwa! Nanyi itikieni kimoyomoyo, maana katika nchi ninayotaka kuwasimulia, kuitikia kwa sauti kunahitaji kibali, na afisa wa vibali ametoka kidogo.

Jina la nchi silitaji. Si kwamba naogopa, la hasha. Jina lenyewe limepelekwa kwenye kamati ya kuboresha majina, na kamati haijarudi. Kwa sasa wananchi huiita Hapahapa. Ukimuuliza mtu katokea wapi, atakujibu, "Hapahapa." Ukimuuliza anaelekea wapi, atatazama viatu vyake.

Jambo moja la kuisifu nchi hiyo ni kwamba haikurupuki. Hakuna linalofanyika pasipo andiko. Daraja likivunjika, kwanza huandikwa andiko la daraja, na mto hushauriwa usubiri. Nyumba ikishika moto, zimamoto hufika upesi ajabu na kuanza kuandika. Mimi nilikuwa mmoja wa waandishi wa maandiko hayo. Kazi hiyo niliipata baada ya kufukuzwa nyingine kwa kosa la kuimaliza. Dunia imenizaba makofi shavu hili na hili, na faida yake ni kwamba siku hizi nacheka sawasawa pande zote mbili.

Nilipangiwa Wizara ya Maji na Matumaini. Maji yalikuwa idara ndogo.

*

Miaka ya nyuma Wizara ilifanya utafiti ikagundua kwamba wananchi wakiachiwa bomba wazi, wanakunywa maji. Matokeo yaliwatisha wataalamu. Ikaamuliwa kila bomba la kijiji litiwe ndani ya kisanduku cha chuma na kisanduku kitiwe kufuli. Makufuli ya nchi nzima yalinunuliwa kwa mkupuo, kutoka kwa mzabuni mmoja mwenye bei nzuri na shemeji mzuri zaidi. Funguo zikaletwa makao makuu, zikatundikwa kwenye misumari ukutani, nyuma ya dirisha la karani mmoja aitwaye Shomvi, kila ufunguo na kitambaa chake chekundu chenye jina la kijiji. Mwenye kiu alitakiwa kufika makao makuu, kuazima ufunguo, kwenda kuteka, kisha kuurudisha. Utaratibu mzuri kabisa. Kiu ilipungua, hasa kwa waliokaa mbali, ambao waliacha kuitaja.

Foleni ikazaliwa hapo. Benchi la mbao lilianzia dirishani kwa Shomvi, likapita ukumbi wote, likaunganishwa na benchi jingine lililoazimwa msibani, likakunja kona ya choo na kutokeza uani. Namba hazikuwepo, tiketi hazikuwepo. Watu walitumia desturi waliyoikuta: ukifika, unasalimia, unauliza, "Jamani, nani wa mwisho?" Aliye wa mwisho ananyoosha mkono, "Mimi." Unakaa nyuma yake, na tangu hapo wa mwisho ni wewe, mpaka Mungu alete mwingine. Katiba ya nchi ilikwisha kubadilishwa mara nyingi, hata kurasa zake zimelegea, lakini desturi hiyo hakuna aliyewahi kuigusa.

Sasa, Waziri wetu alikuwa Mheshimiwa Lugoloka, mtu asiyejua kutulia. Kiti chake kilikuwa bado na nailoni ya dukani, kwa maana hajawahi kukikalia. Alifanya vikao akitembea, na sisi wataalamu tulimfuata nyuma tukiandika huku tunakimbia, ndiyo maana kumbukumbu za Wizara zina mwandiko wa kupanda na kushuka kama ngazi, na mahali fulani mstari umekatika kabisa kwa sababu mwandishi aligonga mlango.

Siku hiyo alikuwa ametoka mkutano wa ng'ambo, beji bado inaning'inia shingoni.

"Foleni ni aibu!" alisema akikata kona. "Wenzetu foleni iko ndani ya simu. Nataka programu ya simu! Iitwe Tone Kiganjani. Mwananchi anakaa kwake, anabonyeza, ufunguo unamfikia!"

"Unamfikia kwa njia gani, mheshimiwa?" nikauliza. Mdomo wangu huwa unanitangulia.

Akageuka, na msafara mzima ukajikusanya mgongoni mwake kama mabehewa.

"Kidijitali," akasema.

Tukapiga makofi. Kupiga makofi huku umeshika kalamu na kishikwambi ni ujuzi, lakini Wizara yetu ilikuwa na watu wenye ujuzi.

*

Andiko nikakabidhiwa mimi. Katibu Mkuu, Mama Eufrasia, aliniita ofisini kwake. Alikuwa mwanamke mwenye kalamu ya kubonyeza, nayo aliibonyeza, tik-tik, tik-tik, wakati wa kusikiliza na wakati wa kusema, na nasikia hata kanisani.

"Mwandishi," tik-tik, "andiko liwe zito."

"Nimekuelewa, mama. Hoja nzito."

"Hoja?" Akanitazama kama mtu aliyeniona nimevaa kiatu mguu mmoja. Akafungua kabati, akatoa mzani wa kupimia vitunguu. "Lililopita lilirudishwa. Halikufika kilo."

Basi nikaandika. Niliandika utangulizi, na utangulizi wa utangulizi, na dibaji ya kuwaandaa wasomaji kwa ajili ya utangulizi. Niliandika historia ya maji tangu gharika. Kwenye sura ya vihatarishi Mama Eufrasia aliongeza kwa mkono wake: "Kihatarishi kikubwa ni kwamba wananchi wanaweza kuitumia." Sura inayoeleza programu itafanya nini ilikuwa aya moja, na kikao kikaona inarefusha mambo, ikaondolewa.

Palibaki kiolezo cha mfadhili wa ng'ambo, mwenye fedha za mradi. Kilikuja kwa lugha ya kwao, kikapelekwa idara ya tafsiri, watu waaminifu mno, hawaruki neno hata kama neno lenyewe linawasihi liachwe. Kikarudi na ibara hii, ambayo naikumbuka kama aya ya kitabu kitakatifu: "Kiini cha mradi ni mtumiaji wa mwisho. Mtumiaji wa mwisho lazima atambuliwe, alindwe na ashirikishwe, na nafasi yake isibadilishwe mpaka mradi ukamilike."

Niliinakili nikaipita. Ningejua, ningeimwagia chai.

*

Kikao cha kupitia andiko kilifanyika kwa mwendo wa haraka kati ya maegesho na ghorofa ya pili. Kwenye ngazi, Mheshimiwa alisimama ghafla.

"Huyu mtumiaji wa mwisho ni nani?"

Tik-tik.

"Mheshimiwa," nikasema, "ni msemo tu. Ni mwananchi. Yeyote yule atakayeishika simu—"

"Yeyote si mtu!" akasema. "Wa mwisho ni mmoja. Ndiyo maana akaitwa wa mwisho. Hapa imeandikwa lazima atambuliwe. Mmemtambua?"

Mkurugenzi mmoja alikohoa kwa namna ya kuonyesha kwamba utambuzi unaendelea. Na niseme kweli, mtu mkubwa akikuuliza jambo kwa sauti ile, hata mimi niliyeandika nilianza kuona haya kwamba simjui mtumiaji wa mwisho, wala sikuwahi kumjulia hali.

"Mradi unaingia kwa mfadhili wiki hii," akasema Mheshimiwa akianza tena kupanda, "na kiini chake hakijulikani kinakaa mtaa gani! Atafutwe!"

Mama Eufrasia hakuwa mtu wa kupoteza muda. Alishuka ngazi, akapita ukumbini, akaenda mpaka uani kwenye mkia wa foleni. Nikamfuata.

"Jamani," akauliza, "nani wa mwisho?"

"Mimi hapa, mwanangu," akajibu mwanamke mmoja mfupi mwenye kanga mbili na dumu tupu la njano. Akajisogeza kwa adabu. "Karibu, kaa."

"Sikai. Ni wewe kweli wa mwisho?"

"Nimefika sasa hivi, hata jasho halijakauka."

"Jina?"

"Mwasiti Kilongola, wa Kisimachanga. Nimekuja kuazima ufunguo. Mkwe wangu yuko mwezi wake, na zahanati wanasema kila mzazi aje na ndoo yake ya maji. Bomba tunalo, lakini lina kufuli lenu."

"Hongera sana!" akasema Mama Eufrasia, na machozi yakamlengalenga.

"Hajajifungua bado."

"Hongera wewe. Wewe ndiye mtumiaji wa mwisho."

Bi Mwasiti akanitazama mimi. Nami, mtu niliyepigwa makofi mengi, nikatazama dumu.

*

Hawakuchelewa. Akaletewa fulana yenye nembo ya Wizara, na juu yake akavishwa utepe wa kijani unaopita begani hadi kiunoni, umeandikwa kwa herufi za dhahabu: MTUMIAJI WA MWISHO. Akapigwa picha akitabasamu, kisha akapigwa nyingine akiwa na kiu. Mtaalamu wa mifumo akaja na bahasha.

"Bibi, hii ni nywila yako. Usimwonyeshe mtu."

"Inafungua bomba?"

"Inafungua akaunti."

"Akaunti ina maji?"

Kijana wa watu akafikiri kwa uaminifu. "Ina matumaini," akasema.

"Haya. Na ufunguo?"

"Ufunguo utaupata foleni ikikufikisha."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwasha. Foleni ilikuwa inasogea, si haba; Shomvi alikuwa mzito lakini si jiwe. Bi Mwasiti alisogea akakunja kona ya choo, akaingia ukumbini. Tena nyuma yake wakaja watu wengine, kama kawaida ya dunia. Mmoja akauliza, "Jamani, nani wa mwisho?" na kabla Bi Mwasiti hajajibu, askari aliyepewa kazi ya kumlinda akamshika mkono.

"Bibi, rudi nyuma."

"Nyuma wapi? Si nimekaa?"

"Huyu amekaa nyuma yako. Ukimwacha, wa mwisho anakuwa yeye. Andiko linasema nafasi yako isibadilishwe."

Akarudishwa uani. Akaja mwingine, akarudishwa tena. Asubuhi hiyo alisogea mbele na kurudi nyuma kama uzi mikononi mwa mfumaji. Wenzake benchini, watu wasiokosa neno hata wakikosa maji, wakaanza.

"Bi Mwasiti, ni wewe unarudi au sisi ndio tunaendelea?"

"Nyie endeleeni," akajibu. "Mimi nimepandishwa cheo kwenda chini."

"Basi njoo upite hapa mbele yangu, mama. Mkwe wako hawezi kumsubiri Shomvi."

Akainuka. Askari akamkalisha.

Kuna wakati mmoja alifika karibu kabisa, kwa sababu mlangoni hakuwa amekuja mtu. Alifika mahali ambapo ukutani nyuma ya Shomvi unaona misumari yote, na katika misumari hiyo akauona ufunguo wake, na kitambaa chekundu, na KISIMACHANGA imeandikwa kwa wino. Akanyoosha kidole.

"Ule! Ule pale! Baba, nipe ule."

Shomvi alichungulia utepe wake. Alikuwa mtu mwema, mwoga, mwenye kupenda utaratibu kama wengine wanavyopenda maharage. "Mama yangu," akasema kwa kunong'ona, "nampa yeyote. Ila wa mwisho nimekatazwa. Wa mwisho akipata, nani atakuwa kiini?"

Nje mlango ukalia. Mtu akaingia na mtungi. "Jamani, nani wa mwisho?"

*

Siku zikapita kwa mtindo huo. Bi Mwasiti alilala kwa ndugu yake mjini na kila kukicha akarudi benchini, maana angerudi Kisimachanga mikono mitupu angemwambia nini mkwe? Simu yake haikutulia.

"Mama, ufunguo?" sauti ya mwanawe ilisikika mpaka kwetu.

"Nimepata nywila."

"Ndiyo nini?"

"Hata wenyewe hawajui. Mkeo vipi?"

"Anatembea-tembea tu, hakai. Mkunga kasema muda wowote."

Alipokata simu alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Nami nikashindwa kukaa. Nilikwenda kumtafuta Mheshimiwa, nikamdaka kati ya milango miwili.

"Mheshimiwa, napendekeza turekebishe neno moja. Badala ya mtumiaji wa mwisho, tuseme mtumiaji wa kwanza."

Akasimama. "Wa kwanza? Katika Wizara hii? Wa kwanza ni nani kama si mimi?"

"Basi mtumiaji wa kati."

"Wa kati ni Naibu. Unataka kutugombanisha?"

"Basi mtumiaji, mheshimiwa. Mtumiaji tu, bila cheo."

Mama Eufrasia alikuwa ametokea, tik-tik, na mzani mkononi. Akaliweka andiko juu, akaonyesha mshale. "Limefika kilo kamili," akasema. "Ukitoa maneno mawili, nani atajibu?"

Nikawashukuru kwa ushauri. Huwezi kubishana na mzani.

*

Uzinduzi ukapangwa. Si uzinduzi wa programu, msije mkadhani. Programu ilikuwa bado haijatafutiwa mtengenezaji. Ulikuwa uzinduzi wa andiko. Yakajengwa mahema uani, vikaletwa viti vyenye vitambaa, ikaja ngoma, na meza kuu ikapangwa chupa za maji kutoka ng'ambo. Watu wa benchi walizitazama chupa zile kama wanavyotazamwa maharusi. Mwakilishi wa mfadhili alikuja na kamera na tabasamu la mtu aliyekwisha kuandika ripoti.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko, niliagizwa kuandika hotuba. Mama Eufrasia alisisitiza Mheshimiwa aonekane mtu wa watu.

"Aonekane amekaa na mwananchi," akasema. "Afuate mila na desturi zao. Weka kitu cha unyenyekevu."

Nikaweka. Sikuwa na nia yoyote, Mungu ni shahidi wangu, na kama hayupo hapa basi yuko karibu.

Asubuhi ya uzinduzi simu ya Bi Mwasiti ililia ngoma ikiwa imepamba moto. Alisikiliza akiwa ameziba sikio jingine. Sikusikia maneno, nilimwona tu amesimama, akakaa, akasimama tena. "Uchungu umeanza," akasema kwa mtu yeyote aliye karibu. "Wako zahanati na ndoo kavu." Benchi zima likaguna. Askari akamwekea mkono begani, akamnyoosha utepe, maana mgeni rasmi alikuwa anaingia.

Mheshimiwa alipanda jukwaani, akashuka, akapanda. Alisoma akitembea. Alisoma kwamba taifa limeingia zama mpya, kwamba kiu ni dhana iliyopitwa na wakati, kwamba mwananchi sasa atalishika tone kiganjani mwake, na ole wake atakayefumba ngumi. Makofi yakapigwa. Ni lazima niwaeleze tabia moja ya Mheshimiwa: alikuwa akisoma kila kilichoandikwa kwenye karatasi. Kila kitu.

"Hapa Mheshimiwa ashuke," akasoma kwa sauti kuu, "aende kwenye benchi la wananchi, aulize kwa unyenyekevu kama ilivyo desturi, kisha aketi."

Akainua macho. Kamera ya mfadhili ilikuwa imemwelekea, taa nyekundu inawaka. Akashuka. Akaliendea benchi, akafika kwenye mkia wake, mbele ya Bi Mwasiti. Akasoma:

"Jamani, nani wa mwisho?"

Bi Mwasiti alinyoosha mkono polepole, kama mtu anayehofia kumtisha kuku.

"Mimi, baba," akasema. Akajisogeza mbele kidogo, akapapasa ubao kwa kiganja. "Karibu, kaa."

Na Mheshimiwa Lugoloka, ambaye kiti chake bado kina nailoni, akakaa.

Benchi lilipasuka kwa vigelegele. "Umekuwa wetu, mheshimiwa!" "Mwenzetu huyo!" Akatabasamu, akapunga mkono. Hapo Bi Mwasiti akauvua utepe ule begani, akaukung'uta, akamvisha yeye. Ukamkaa vizuri ajabu.

"Mimi nilikuwa," akamwambia. "Sasa ni wewe."

Mwakilishi wa mfadhili alifurahi akapiga makofi mikono juu. "Ushirikishwaji!" alikuwa akisema. "Ushirikishwaji wa hali ya juu!" Akapiga picha, akaituma palepale duniani kote, na chini yake akaandika jina na cheo: Mtumiaji wa Mwisho.

Hakuna aliyemwona Bi Mwasiti akiinuka. Nasema uongo, walimwona wote, kwa sababu benchi zima lilikunja magoti ili apite. "Mpisheni mama! Mkwe wake ana uchungu! Mpisheni!" Askari alimwangalia, akaangalia bega lake, utepe hakuna. Hakuwa na amri juu ya mwanamke mfupi wa kawaida mwenye dumu. Akafika dirishani.

"Kijiji?" akauliza Shomvi.

"Unakijua."

"Utaratibu, mama."

"Kisimachanga!"

Shomvi aligeuka, akanyoosha mkono, akatungua. Mara ya mwisho nilimwona Bi Mwasiti anapita getini kwa mbio, kanga mkononi, fulana ya Wizara inapepea, dumu linamgonga mgongoni du-du-du, likishindana na ngoma.

Ndipo Mheshimiwa alipotaka kusimama ili aendelee na ratiba. Mkono mzito ukatua begani kwake, kwa heshima zote.

"Samahani, mheshimiwa," akasema askari. "Andiko."

*

Mkwe alijifungua salama, mtoto akaogeshwa. Walitaka kumwita Mwisho, kwa heshima ya bibi. Bibi akasema jina hilo lina mwenyewe na mwenyewe amelikalia. Mtoto akaitwa Awali.

Kwa utaratibu, Bi Mwasiti alitakiwa kuurudisha ufunguo. Lakini kurudi maana yake ni kukaa nyuma ya Waziri, na yeye alilelewa kwa adabu. Basi akabaki nao. Kesho yake watu wa kijiji cha jirani wakaja kuomba maji, nao kwao kuna bomba lenye kufuli. Akawatania: "Twendeni nijaribu huu wa kwetu." Wakaenda kundi zima, wakicheka. Ufunguo ukaingia. Ukageuka. Kufuli likaanguka miguuni pao.

Wakaacha kucheka. Wakaenda kijiji cha tatu, nacho vilevile. Yule mzabuni mwenye shemeji mzuri, kumbe, alikuwa ameuza nchi nzima kufuli la aina moja, lenye ufunguo mmoja uliochongwa mara nyingi, na vitambaa vyekundu vya Shomvi vilikuwa mapambo. Ufunguo wa Kisimachanga ukaanza safari, mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji, bila andiko, na nyuma yake mabomba yakabaki wazi. Makufuli siku hizi yanafungia mabanda ya kuku. Wezi wa kuku hawajajua kwamba ufunguo ni mmoja, na mimi si mtu wa maneno mengi.

Benchi likaanza kupungua watu, kisha likaisha. Mama Eufrasia aliandika taarifa kwa mfadhili: mradi wa Tone Kiganjani umeondoa foleni nchini kabla programu haijatengenezwa, jambo lisilo na mfano katika historia ya teknolojia. Mfadhili ameomba awamu ya pili. Wageni wanakuja kujifunza, wanapigwa picha na benchi tupu.

Si tupu kabisa. Mheshimiwa yuko pale, karibu na kona ya choo, na utepe wake. Hawezi kuinuka mpaka mradi ukamilike, au mpaka aje mtu akae nyuma yake na kukubali kuvishwa utepe. Andiko tungeweza kulirekebisha, lakini Naibu anayekaimu amelipima mwenyewe, akaona uzito unatosha, akasema liheshimiwe. Mara mojamoja huingia mtu aliyepotea njia. Humwona, husema, "Shikamoo mheshimiwa, samahani, nimekosea mlango," akarudi kinyumenyume. Miguu ya Mheshimiwa haitulii. Inapiga hatua palepale sakafuni, imekwisha kuchimba vishimo viwili. Akisikia kandambili ukumbini hukaa wima, hutengeneza utepe, hujisogeza kidogo na kuupapasa ubao kwa kiganja.

Juzi nilipita mimi.

"Mwandishi," akaniita, "njoo ukae kidogo."

"Nashukuru, mheshimiwa. Napita tu."

Hadithi yangu inaishia kwenye benchi hilo. Ikiwa tamu, gawaneni bila kibali. Ikiwa chungu, msinirudishie mimi. Ipelekeni dirishani kwa Shomvi. Foleni hakuna, na wa mwisho mnamjua.